Anayechechemea Pembeni mwa Jicho

Siku niliyommwagia shemeji yangu nta ya moto, jua lilikuwa utosini na hata kuku hakuwa na kivuli.

Nilimwona. Hilo nataka lieleweke mapema, maana watu wa Itobola walisema mengi. Nilimwona kabisa, pembeni mwa jicho langu la kushoto, amesimama kwenye njia inayotoka jiko la nta kwenda banda la kuchujia, kavaa kitenge cha rangi ya kutu chenye picha za kwale. Na kwa sababu nilimwona, nikampita katikati.

Kitenge kile kilikuwa cha Milembe, mke wangu. Milembe tulimzika mvua za kwanza zilipoanza. Tangu matanga yaishe alikuwa akionekana pale pale, mchana kweupe, anatembeatembea, nami nilikwishazoea kupita ndani yake kama mtu apitavyo kwenye moshi. Siku ile moshi ulikuwa na mifupa. Ndoo iligonga kitu, nta ikaruka, na sauti iliyolia haikuwa ya Milembe.

"Shemeji! Unaniua!"

Alikuwa Kalunde, mdogo wake. Kitenge alikipata siku ya kugawa nguo za marehemu, na ile ndiyo mara ya kwanza kukivaa. Nta ilimshika kuanzia kiwiko hadi kiganja, ikaganda pale pale.

Nilimkalisha chini, nikammwagia maji ya mtungi. Mwanvua akaja mbio kutoka kwenye jiko lake la uji, mikono imejaa unga. Huyu Mwanvua ni mtani wetu. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi. Alikuja na treni akimfuata mume, mume akafa, yeye akabaki hapa porini akiuza uji wa ulezi usio na sukari, kwa kuwa nusu ya kambi yetu ni wagonjwa wa kisukari. Warina asali wenye kisukari! Hilo peke yake lilimpa maneno ya kutucheka mpaka siku atakapokufa.

"Haya, Wanyamwezi, mmekosa nyama mpaka mnakaanga mashemeji?"

"Mwanvua, leta maji, acha mdomo."

"Naleta. Lakini mpagazi mzima wewe, umebeba mizigo ya watu dunia nzima, ndoo moja imekushinda?"

Kalunde hakucheka. Alisubiri Mwanvua aende mtungini, akaniuliza taratibu, "Hukuniona?"

"Nilikuona."

"Ukaniona, ukanipita?"

"Nilidhani ni yeye."

Nikajua nimeropoka. Mtu mzima hasemi maneno kama hayo mbele ya mwanamke aliyeungua. Kalunde akakitazama kitenge mapajani mwake, wale kwale wamelowa maji na nta. Kisha akanisogelea sikioni.

"Kumbe na wewe unamwona," akasema.

*

Macho yangu yaliharibika nikiwa njiani, kama mambo yangu mengine yote. Sukari ilinikuta Kigoma, nikaikimbia. Nikafika Tunduma, nikaikuta imetangulia. Nilikuwa mtu wa kuhama: migodi, reli, bandari za ziwani. Kusoma nako nilisoma hivyo hivyo, darasa moja hapa, jingine kule. Siku nilipoanza kuona masizi yakielea hewani pasipo na moto, nikarudi Itobola kwa Milembe. Hapa pana kituo cha macho.

Daktari wetu anaitwa Tumpe, msichana wa Kinyakyusa, mikono baridi kama samaki. Alinieleza bila kuzunguka. Sukari imetoboa mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho. Jicho likikosa hewa linaotesha mishipa mipya, dhaifu kama utando wa buibui, na ikipasuka damu inafunika kila kitu.

"Kwa hiyo tunachoma kwa leza, mzee. Tunachoma pembeni ili katikati papone."

"Unaua jicho ili uponye jicho?"

"Pembeni tu."

Nilimwelewa. Mrina akitaka kuokoa kundi, hukata masega ya kando yaliyoingiwa na nondo, akaacha ya katikati walipo watoto wa nyuki. Nikaweka kidevu pale kwenye mashine. Akanitia matone, akanigandamiza kioo kidogo juu ya mboni, kisha ukaja mwanga wa kijani, pa, pa, pa, kila mmoja ukinichoma nyuma ya kisogo kama mwiba wa samaki. Alipomaliza alinionyesha picha ya ndani ya jicho langu. Vidoa vimepangwa safu kwa safu.

"Masega," nikasema.

"Kila mtu wa hapa husema hivyo," akajibu.

Zamani, wanasema, mtu akichomwa namna ile alibaki anaona kama kupitia bomba. Siku hizi wanakuwekea kijazio. Ni uzi, mwembamba kuliko unywele, unalazwa nyuma ya jicho na kujaza yale madoa yaliyokufa. Picha unazitoa kwanza kwenye jicho lako mwenyewe, pale katikati palipo hai: ukuta ulioutazama asubuhi, unakuwekea jioni pembeni. Halafu unazitoa kwa wenzako. Vijazio vyote vya kambi vinaongea kupitia mnara. Jirani yangu akimtazama mbuzi anayenikaribia ubavuni, mbuzi yule yule ananitokea pembeni, nami namkwepa. Tuliishi hivyo, tukiazimana macho, wala hakuna aliyeona ajabu.

Ila pembeni jicho halioni sura. Hata jicho zima, jaribu wewe mwenyewe. Pembeni mtu unamjua kwa nguo na kwa mwendo. Basi kijazio nacho kinawajua watu kwa nguo na mwendo. Mtu asipotazamwa na jicho lolote kwa muda, kinamwacha. Ndivyo wafu wa Itobola walivyokuwa wakiondoka, polepole, bila kusukumwa na mtu.

Milembe hakuondoka.

Siku wageni wa matanga walipotawanyika nilikaa mlangoni nikachonga mpini. Pembeni, kwenye jiko la nta, mwanamke akainama. Nikageuza uso: jiko baridi, majivu, paka. Nikarudisha uso kwenye mpini, naye akarudi. Akachovya kidole ndani ya pipa la asali, akakilamba, akajipangusa kiunoni, akaanza kutembea akichechemea. Milembe alikuwa kiwete tangu alipoanguka kwenye mti wa mzinga. Sikuogopa. Nilikaa vile vile mpaka mpini ukawa mwembamba, haufai tena.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Milembe alichechemea mguu wa kulia. Huyu alichechemea wa kushoto. Nikajiambia labda huko waliko mambo hugeuka, kama kwenye kioo.

*

Baada ya ile ajali ya nta masizi yalirudi machoni, safari hii mekundu. Daktari Tumpe akachungulia.

"Mishipa imeota tena. Lazima nichome mara ya pili, na nisikawie. Lakini kwanza uniambie, mzee. Kwa nini ulimpita mtu?"

Nikamwambia yote. Hakunicheka. Alizima taa, akawasha picha ukutani, akasema, "Hiki ndicho kinachoonwa na kijazio chenu."

Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Hakuwa na uso. Palikuwa na kitenge cha kwale, kilemba, na kati yake kitu kama unga uliopulizwa. Akainama, akachovya, akalamba, akajipangusa. Akatembea. Na hapo, kwa kuwa sasa nilimwona moja kwa moja na si kwa pembe ya jicho, niliona jinsi anavyotikisa makalio, anavyogeuka ghafla kama anangoja watu wacheke.

"Huyu ni Mwanvua," nikasema.

Kwetu mtu akifa, mtani huvaa nguo za marehemu siku ya matanga. Anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, anaiga uchoyo wake na mapenzi yake, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanatoka. Mwanvua alifanya kazi hiyo uwanjani kwangu, mchana mzima, na sisi wenye vijazio tukiwa tumekaa mbele, macho yetu yote kwake. Mashine haijui utani. Iliona nguo, ikaona mwendo, ikaona macho mengi yanamtazama mwanamke mmoja kuliko alivyopata kutazamwa alipokuwa hai. Ikaandika: yupo.

"Naweza kumfuta," daktari akasema. "Wewe ndiye mume, neno lako linatosha. Nabonyeza hapa, anaondoka kwenye macho ya wote."

"Wanaomwona wengine wataulizwa?"

"Hawaulizwi. Ni kosa la mashine, mzee. Kosa haliombewi ruhusa."

"Na usipomfuta, ukinichoma hivyo hivyo?"

"Kila ninapochoma nampa kiwanja. Leo yuko kando. Nikimaliza atakuwa karibu na katikati, na hutajua tena nani ni nani. Mara ya pili usije ukawa umebeba kitu kibaya kuliko nta. Sitakuchoma huku yupo."

"Na usiponichoma?"

Akawasha taa. "Damu itajaza jicho. Utakuwa kipofu, na yeye hutamwona pia."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kile kitufe. Ningesema ndiyo tu, ningerudi nyumbani, Kalunde angeamka siku moja akakuta dada yake hayupo, asijue aliyemchukua. Ni jambo dogo sana, kubonyeza.

"Subiri," nikamwambia. "Hakuna namna nyingine?"

"Macho yaliyodanganya ndiyo yanaweza kusema kweli. Yale yale yamwone Mwanvua, moja kwa moja, akizivua zile nguo. Lakini yote. Likibaki hata moja linaloshikilia, mashine inaliamini lile."

*

Nilimkuta Kalunde uwanjani kwake, mkono umefungwa kitambaa cheupe, kakaa akiangalia mti. Nilijua haangalii mti.

"Amekuja?" nikauliza.

"Yuko pale. Usimsumbue."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kugeuka.

"Mkono huu ni wa nani?" akaniuliza.

"Wako."

"Umenisikia nalalamika?"

"Kalunde, si yeye. Ni Mwanvua kavaa nguo zake. Hata mguu si ule."

"Mguu ni ule."

"Ni wa kushoto."

"Shemeji." Sasa aligeuka. "Wewe ulikuwa Tunduma. Ulikuwa Kasanga. Ulikuwa sijui wapi unafanya sijui nini. Mimi ndiye niliyekaa naye, nikamkanda ule mguu kila masika. Usinifundishe mguu wa dada yangu."

Nilikaa chini. Nikasema, "Nitapofuka."

"Nitakushika mkono," akasema. Akainua ule usioungua. "Huu hapa mzima."

Hakuwa na ubaya hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimwona vizuri, katikati ya jicho langu palipobaki, mwanamke ananipa mkono wake kwa moyo mmoja ili mfu aendelee kutembea.

Nikaenda kwa Mwanvua. Alipopata habari aliweka mwiko chini, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Yaani nimekuwa natembea kwenye macho ya watu muda wote huu? Bila malipo?"

"Mwanvua, mguu. Kwa nini ulichechemea wa kushoto?"

"Wewe ulitaka niigize sawasawa?" Sauti yake ilishuka. "Bibi yangu Kisarawe alinionya. Mtani haigizi sawasawa. Acha kosa moja, marehemu ajue ni mzaha. Ukiigiza bila kosa, unamwita."

"Mashine haikujua kuwa ni kosa."

"Mashine haina bibi."

*

Tulikusanyika jua likiwa kali, uwanjani kwangu, wote wenye vijazio mstari wa mbele. Daktari Tumpe alisimama kando na kisanduku chake cha kuusikiliza mnara. Nilikwishawaambia wote kinachofanyika na kwa nini. Hakuna aliyekataa kuja. Hata Kalunde alikuja, kitenge kakifunga kwenye furushi, akampa Mwanvua mkononi. Kisha akakaa, akafumba macho.

Nikamtazama daktari. Akatikisa kichwa: bila jicho lake, hapana.

Mwanvua akavaa. Akatoka nyuma ya banda, akainama kwenye pipa, akachovya, akalamba. "Eee, Kashindye!" aliniita kwa sauti ya Milembe ya puani. "Umerudi? Umeniletea nini kutoka Tunduma? Vumbi?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka, halafu nikajikuta silijui tena lile ninalolicheka, maana pembeni mwa jicho yule mwingine naye alikuwa amesimama, asiye na uso, anatembea sambamba na Mwanvua, hatua kwa hatua. Wawili. Wenye vijazio wote walimwona, najua, kwa jinsi kicheko kilivyokatika kwa pamoja.

Mwanvua hakujua. Macho yake mazima. Aliendelea, anachechemea, anazunguka, akafika mbele ya Kalunde aliyefumba macho kama mtoto anayekataa dawa. Akapita. Akarudi. Buruta, gonga. Buruta, gonga. Sauti ya mguu mavumbini.

Nikaona mdomo wa Kalunde unacheza. Mwanvua akapita tena, buruta, gonga, polepole zaidi, akiuburuta ule wa kushoto kama gunia la mkaa.

"Mguu si huo, mjinga wewe!" Kalunde akapiga kelele. "Wa kulia! Wa kulia, Mzaramo usiye na akili!"

Na macho yalikuwa wazi. Alikuwa anacheka, anacheka kabisa, machozi yanashuka, na Mwanvua pale pale mbele yake akafungua kilemba, akafungua kitenge, akabaki na gauni lake lenye unga wa ulezi. Akakikunja kitenge mara mbili, akakilaza mapajani mwa Kalunde.

"Ni mimi, mtani," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Nilikuwa mimi."

Pembeni yule mwingine alisimama. Akakosa mkono, akakosa bega, kisha pale alipokuwa pakawa na ukuta.

Kalunde alikaa na kitenge mapajani muda mrefu. Watu walipoanza kuondoka aliniambia, bila hasira, "Mmeniibia kwa kicheko."

Sikubisha. Mpaka leo sijui kama ni kweli au si kweli. Alifungua macho mwenyewe. Lakini na sisi tulijua kitakachomfungua, au Mwanvua alijua, na mimi nilikuwa nimemuuliza habari ya mguu.

Mwanvua alichukua kuku wake, kama ilivyo haki ya mtani. Akachukua na kofia yangu ya pama, akaivaa nyuma mbele, akatoka getini akiiga mgongo wangu huu uliopinda, kuku kwapani.

"Unafanya nini?" nikamwita.

"Najifunza! Siku yako nisije nikababaika!"

Kofia aliirudisha jioni ile ile.

*

Daktari alinichoma. Pa, pa, pa. Damu ilikauka, na katikati pamebaki: naona mpini, naona uso wa mtu akiniketia mbele. Kijazio sasa kinajaza sehemu kubwa kuliko ninayoiona mwenyewe. Kwa hiyo Itobola tuna desturi mpya, haijaandikwa popote. Ukimwona mtu pembeni, humpiti kabla hujamwamkia. Akiitikia, mpishe. Asipoitikia, simama mpaka ujue.

Jana asubuhi nilikuwa nimesimama penye jiko la nta nikichochea moto. Pembeni kabisa akatokea mzee. Mgongo umepinda, kofia ya pama kichwani, amegeukia upande wa getini. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, mashine imemnasa Mwanvua tena. Nikatafuta kosa lake, maana bibi yake alimfundisha aache kosa. Kofia haikuwa nyuma mbele. Ilikuwa sawasawa. Mgongo ulikuwa sawasawa. Hata namna ya kushika kijiti cha kuchochea moto.

"Wangaluka, shemeji!"

Sauti ya Kalunde, akiniamkia kwa Kinyamwezi kutoka kwenye ua, nyuma yangu. Basi ni yeye aliyekuwa akinitazama. Nilikuwa najiona kwa macho yake. Hakuna ajabu yoyote hapo. Ndivyo kijazio kinavyofanya kazi.

"Shemeji?" Sauti ilikuwa imebadilika. "Shemeji, itikia basi."

Ningeitikia mara moja. Lakini nilikuwa bado namtazama yule mzee, nikisubiri yeye aitikie kwanza.